Namna virusi vya HPV vinavyoteka mgawanyiko wa seli

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, karibu kila mara husababishwa na virusi vya papiloma, yaani HPV. Aina mbili tu za virusi hivyo, 16 na 18, huchangia takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani. Mtafiti wa Ujerumani Harald zur Hausen, aliyeufichua uhusiano huo, alitunukiwa Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki kina jeni chache mno na hakina kimeng'enya chake cha kunakili vinasaba, hivyo hutegemea vimeng'enya vya seli kilimoingia. Tatizo ni kwamba seli za utando wa mlango wa kizazi, kadiri zinavyosogea kutoka tabaka la chini kuelekea juu, huacha kugawanyika na kufunga shughuli hiyo ya kunakili. Kirusi hulazimika kuifungua upya, na hufanya hivyo kwa protini mbili. Ya kwanza, E7, hung'ang'ania protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni breki ya mgawanyiko, na breki ikiachia seli huanza kunakili vinasaba bila kuamriwa na mwili. Seli yenye afya ingeshtuka hapo: protini ya p53 ingeisimamisha au kuiamuru ijiue. Ndiyo maana ipo E6, ambayo huikamata p53 na kuifanya ivunjwevunjwe na seli yenyewe.

Kwa kawaida kinga ya mwili huyashinda maambukizi haya ndani ya miaka miwili. Hatari huja yanapodumu, na vinasaba vya kirusi vikakatika na kujipachika ndani ya vinasaba vya seli. Mara nyingi jeni ya E2, inayodhibiti E6 na E7, huharibika, na protini hizo mbili huzalishwa bila kikomo. Kirusi chenyewe hakifaidiki kwa hilo, kwa kuwa seli ya saratani haitoi virusi vipya.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Rb na p53 katika saratani hii kwa kawaida ni nzima, ila zimezuiwa kufanya kazi. Seli za HeLa, zinazokuzwa maabara kwa utafiti na zilizotolewa kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa mgonjwa Mmarekani, Henrietta Lacks, huko Baltimore mwaka 1951, zina HPV 18. Watafiti wanapozima E6 na E7 maabara, seli hizo huacha kugawanyika.

Safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke anayeishi na VVU bila matibabu. Chanjo huzuia kirusi kuingia lakini haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuwapo, ndiyo sababu hupewa wasichana mapema. Aliyechanjwa naye apimwe mlango wa kizazi akifikia umri wa uchunguzi, kwa kuwa chanjo haikingi aina zote za HPV.