Samaki kwenye kayaki: dakika 10 za mwanzo

Kazini napima ubora wa samaki, na siku za mapumziko navua baharini kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia. Kwa hiyo namfahamu samaki kwa pande zote mbili: akiwa bado anapiga mkia miguuni pangu, na akiwa mezani, matamvua yamegeuka kahawia na mtu ananiuliza kama bado analika. Mara nyingi huyo wa mezani hakuharibikia sokoni wala jikoni. Aliharibiwa palepale alipotolewa majini, na aliyemharibu alikuwa na barafu tele.

Wenzangu wa kayaki huniuliza zaidi ya yote: nibebe barafu kiasi gani? Nitajibu, lakini kwanza tumtazame samaki kabla hajaifikia hiyo barafu.

Samaki aliyepambana na mshipi amekwisha kuchoma akiba kubwa ya nguvu iliyomo kwenye misuli yake. Ukimwacha afe polepole, akijipigapiga kwenye plastiki iliyochomwa na jua, anamalizia kile kilichobaki. Misuli inajaa asidi, anakakamaa mapema na kwa nguvu, kisha ukija kumpasua minofu inaachana tabaka kwa tabaka. Hapo bakteria hata hawajaanza kazi yao. Wao wanangoja kwenye ngozi, kwenye matamvua na tumboni, na joto ndilo linalowafungulia mlango.

Basi muue mara moja. Mimi hukaa na miguu yote miwili imening'inia majini, kushoto na kulia, ili kayaki isiyumbe. Samaki namlaza mapajani juu ya kitambaa kilicholowa, namfunika macho kwa kiganja, naye hutulia. Rungu fupi, pigo moja au mawili ya nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Ukipiga sawasawa mwili mzima hutetemeka, kisha mdomo hulegea. Wajapani wana njia yao iitwayo ike jime: wanautoboa ubongo kwa msumari, halafu wanapitisha waya kwenye uti wa mgongo. Inafanya kazi vizuri sana, ila waya mrefu na mawimbi havipatani, kwa hiyo kwenye kayaki mimi huishia kwenye rungu na kisu.

Kisu kiwe kimefungwa kwa kamba kwenye kayaki. Kata matamvua pande zote mbili, au kata koo pale chini ambapo mashavu yanakutana, kisha mwinamishe kichwa chini ndani ya ndoo yenye maji ya bahari. Damu itatoka kwa dakika 5 mpaka 10. Damu ikibaki ndani, nyama inakuwa na madoa na inapata harufu upesi. Usimning'inize ubavuni damu ikichuruzika. Papa anaisikia, na wewe umekaa shubiri chache tu juu ya maji. Ndoo imwage ukiwa tayari kuhama.

Hapo hapo niseme kuhusu kufunga samaki kwenye kamba na kumburuta nyuma. Nimewahi kufanya hivyo na sifanyi tena. Bahari yenye nyuzi 28 za Selsiasi haimpoozi samaki mfu, inamuoza. Gunia lililoloweshwa ni afadhali, maana maji yakikauka yanaondoka na joto, lakini linahitaji upepo na hewa kavu. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, gunia linabaki kuwa kivuli tu. Lichukulie kama msaada wa nusu saa.

Sasa barafu. Siku moja nilipata jodari wawili, kila mmoja kama kilo mbili, wakipishana dakika chache. Mmoja nilimlaza juu ya chupa za maji yaliyogandishwa. Wa pili nilimzamisha kwenye uji wa barafu: barafu iliyopondwa pamoja na maji kidogo ya bahari. Nilikuwa na kipimajoto cha kazini, kile chenye sindano. Mwanzoni wote wawili walikuwa nyuzi 29 ndani ya mnofu, kwa sababu jodari hutunza joto la mwili wake na pambano humzidishia. Baada ya saa moja, yule wa kwenye chupa alikuwa nyuzi 23, na wa kwenye uji 14. Mfuko wa kutunza baridi ni wa aina ileile na jua ni lilelile. Tofauti ni kwamba chupa inamgusa samaki mahali pawili patatu tu, kwingine kote ni hewa, na hewa ni mvivu wa kubeba joto. Uji unamkumbatia kotekote. Isitoshe, kwa sababu ya chumvi, uji huo unaweza kushuka chini kidogo ya sifuri bila kuganda. Maji ya kawaida ya bahari huganda karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Kiasi? Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kushusha kilo moja ya maji kwa nyuzi 80. Kwa hesabu hiyo, kumtoa samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 28 hadi sifuri kunakula karibu gramu 300 za barafu. Lakini jua na kuta za mfuko zina sehemu yao, na hayo maji ya bahari unayoongeza nayo ni ya moto: kila lita inakula gramu 350 au zaidi. Ndiyo maana nasema maji kidogo, barafu mara mbili ya maji. Mimi hubeba kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki ninayotarajia, na nyongeza kidogo. Chupa mbili hugandisha kwa maji ya bahari yenyewe. Zinakaa ukingoni mwa mfuko kulinda uji. Bonge kubwa hudumu na barafu ya kupondwa hupooza upesi, kwa hiyo nachukua zote mbili.

Mfuko nauweka nyuma ya kiti, katikati kabisa, umefungwa mikanda. Wapo wanaoupenda kule omo. Ukiwa na kayaki ndefu na bahari shwari, sawa, lakini kuufikia lazima usogee mbele, na uji unaocheza ndani ya mfuko unavuta kayaki upande ule ule unaoanguka. Usijaze maji kupita mgongo wa samaki. Tumboni mwa kayaki nisingeweka samaki bila mfuko. Mchana mle ndani ni tanuri.

Samaki akiwa mrefu kuliko mfuko, basi samaki mkunje angali mbichi, kama wahenga walivyosema, na hapa ni neno kwa neno. Akishakakamaa, kumkunja kwa nguvu kunachana minofu.

Kupasua matumbo baharini ni hiari yako. Safari ikiwa fupi na uji upo, mimi husubiri nchi kavu, kwani utumbo ukitobolewa kwa bahati mbaya uchafu wote unamwagikia nyama. Ila samaki aliyekuwa akila kwa pupa, tumbo limevimba dagaa, yule namtoa utumbo mapema. Vimeng'enya vyake vitayeyusha ukuta wa tumbo lake mwenyewe.

Jodari, nguru, vibua, dagaa na faulusi wanahitaji uangalifu kuliko wengine wote. Nyama yao ina histidini nyingi, moja ya vijenzi vya protini, na bakteria wakipata joto wanaigeuza kuwa histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha, na samaki anaweza kuonekana mzima kabisa. Anayekula uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mdomo unamwasha, moyo unamwenda mbio. Mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa vyombo vya uvuvi unataka samaki hao, hewa au maji yakizidi nyuzi 28.3, wawe kwenye baridi upesi iwezekanavyo, na isipite saa 6 tangu kufa. Hizo saa 6 ni ukingo wa mwisho. Barafu ikiniishia, jodari sivui tena, na aliye hai namrudisha.

Ukifika ufukweni msuuze kwa maji ya bahari yaliyo safi, jaza barafu tumboni alipotolewa utumbo, na mtoe kwenye maji yaliyoyeyuka, maana maji matamu yanamlowesha na kumpauza. Minofu kata nyumbani, ama kabla hajakakamaa ama akishalegea tena. Kwa samaki aliyetunzwa hivi ninavyoeleza, kulegea huko mara nyingi huja kesho yake.