Dhana zinazowachelewesha wanafunzi wa Mwanza kupata msaada

Huku Malimbe, walikopanga wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), na kule Bugando kwenye chuo cha afya, msaada uko jirani kuliko watu wanavyodhani. Kinachoniuma ni maneno ya vyumbani yanayomfanya mtu akae na tatizo lake mpaka liharibike.

Husemwa kwamba ofisi ya mshauri wa wanafunzi ni ya wakorofi. Si kweli. Aliyefiwa, anayeumwa, aliyekwama kwa sababu bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, limechelewa, wote mlango wao ni huo. Anayeandika barua mapema kuomba kuahirisha masomo anajiwekea njia ya kurudi. Anayetoweka kimya kimya huja kushtuka ameshadisko, yaani ameondolewa masomoni.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtu asiyelala, asiyekula, anayelia bila sababu, amelogwa au imani yake imepungua. Huenda ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito, nayo hutibika, na Hospitali ya Bugando ina madaktari wa afya ya akili. Kuombewa hakuzuii kutibiwa. Na tafadhali, tuache kuogopa kumuuliza rafiki waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Wengi wanadhani swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Mara nyingi ndiyo nafasi yake ya kwanza kusema alichokibeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimwache, mpeleke hospitali.

Dhana ninayoichukia kuliko zote ni hii: aliyebakwa aoge, alale, kesho ataangalia. Saa zinahesabika! Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndivyo zinavyokinga vizuri. Hutumiwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, nayo isicheleweshwe. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiweza usioge kwanza wala usifue. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Ukiwa umeshaoga, nenda vilevile, dawa bado ni haki yako. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini kama hospitali ndiyo iliyo karibu, anzia hospitali. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo hupokea watu wazima pia. Mvulana naye anapokelewa, na hana sababu ya kuona aibu.

Mhadhiri anayetaka ngono ili atoe maksi? Wengi huyaita "mambo ya chuo" na kunyamaza. Ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupigiwa bure kwa namba 113.

Halafu kuna ziwa letu. Wanaooga ufukweni hujifariji: "Sikojoi damu, sina kichocho." Kichocho kilichotapakaa Ziwa Victoria ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, huumiza ini taratibu, na hutafutwa kwa kupima choo. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokwisha kuingia. Haitakukinga ukirudi kuogelea wiki ijayo.