Ndege ya kiti kimoja ya kujitengenezea: maana yake nini?

Kuna fundi wa mbabula hapa Lubumbashi, upande wa soko la Kenya, ambaye hukata manjanja makuukuu na kuyakunja kwa nyundo. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ndeke ndogo, mtu mmoja amekaa ndani, mwili wote unang'aa. Swali la kuruka halikumshughulisha. Alitaka kujua imechomelewa kwa kitu gani.

Haikuchomelewa, na mengi ya dhana hii yamo hapo. Tunasema ndege ya "metali", lakini si chuma: ni karatasi za alumini iliyokomazwa kwa joto, nyingi hazifiki unene wa milimita 1. Ukiichomelea, moto unaharibu ule ukomavu na mahali pa mshono panalegea. Kwa hiyo huunganishwa kwa riveti, yaani vipini vifupi vya kubana karatasi pamoja, maelfu ya riveti. Unatoboa tundu, unabana karatasi mbili kwa vibanio vya muda, unazifungua tena, unasafisha kingo za kila tundu, ndipo unabana moja kwa moja. Hata kuchora mstari kuna adabu yake. Ukiikwaruza alumini kwa msumari, ufa unaweza kuanzia hapo baada ya miaka ya kutikisika. Penseli nayo haifai, maana grafiti yake, ile nyeusi ya kuandikia, huchochea kutu. Watu hutumia kalamu ya wino mnene. Fundi wangu, anayechora kila kitu kwa msumari, alicheka.

Sasa majina mawili ambayo watu huyachanganya. "Ya kujitengenezea" inahusu nani ameijenga: kwa kanuni za Marekani, zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wasio kiwanda, kwa kujifunza au kujifurahisha. Vipande vinaweza kuja ndani ya sanduku, mbavu za bawa zikiwa zimeshakunjwa, lakini kazi kubwa inabaki yako. "Nyepesi ya michezo" ni habari nyingine kabisa, ni ya mipaka. Kanuni za 2004 ziliweka uzito usiozidi kilo 600 wakati wa kupaa, viti visizidi viwili, na mwendo usiozidi kilomita 222 kwa saa. Mwaka 2025 Wamarekani walitangaza kanuni mpya zinazolegeza mipaka hiyo. Ndege moja inaweza kubeba majina yote mawili, au moja tu. Na hayo ni ya kwao: kwetu, ruhusa ni ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Kinshasa.

Mfano mzuri ni Onex, ya kampuni ya Sonex, huko Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Kiti kimoja, mabawa yanakunjwa ili iingie gereji, uzito wa kupaa kilo 431 hivi. Injini yake ya AeroVee, nguvu za farasi 80, ni mtoto wa ile ya Volkswagen Coccinelle. Waliokua hapa mjini wanaujua mlio wake.

Lakini Oshkosh iko kama mita 250 tu juu ya bahari. Luano, uwanja wetu wa ndege, umepita 1,300. Hewa yetu ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Farasi 80 wanabaki kama 70, na joto la Oktoba linapunguza zaidi, huku bawa na propela navyo vikikosa hewa ya kushika. Kwa hiyo mimi, kama ni kwa Katanga, naona kiti kimoja ni akili kuliko ubahili: abiria wa kilo 70 usiyembeba ni mwinuko unaoupata bure.

Fundi alisikiliza yote, akageuza mbabula, akauliza: "Na mwalimu anakaa wapi?"

Hana pa kukaa. Unajifunza kwanza kwenye ndege ya viti viwili, na siku unapoingia kwenye hii, unaruka peke yako tangu mara ya kwanza.