Boti ya kushika kana: tazama tezi kabla ya mashine

Karibu kila anayenijia kuhusu boti ya kuvulia huanza na swali moja: "Fundi, nifunge mashine ya farasi ngapi?" Nami humuuliza kwanza vitu vizito atavipanga wapi. Kwenye boti ya kana, yaani inayoongozwa kwa mkono wa mashine badala ya usukani, nahodha hana hiari: anakaa tezini, nyuma kabisa ya boti, mkono mmoja kwenye mashine.

Piga hesabu. Mashine ya farasi 20 ya mapigo manne ni kilo 50 hivi. Wewe mwenyewe, tuseme 80. Tangi la lita 25 likijaa linakaribia 20, na betri kubwa ni kama hizo tena. Kilo 170 zimerundikana kwenye kipande kile kile cha boti. Ukitia moto, omo (pua ya boti) inanyanyuka, huoni mbele, na chombo kinalima maji badala ya kupanda juu na kuteleza. Ndipo mtu anaanza kulalamika kwamba mashine ni ndogo!

Dawa ni kusogeza tangi na betri mbele. Mpira wa mafuta utaongezwa urefu. Nyaya za betri nazo, ila zikirefuka lazima ziwe nene zaidi, vinginevyo stata itachoka. Kana nayo hufungwa kipande cha kuirefusha, ukakaa mbele kidogo.

Kwa hiyo kwenye boti yenyewe natafuta tezi pana. Upana usipungue kuelekea nyuma, maana ndio unaobeba. Chini kukiwa bapa, boti itabeba vizuri lakini itakupiga mgongo kwenye mawimbi. Kukichongoka sana, itakata mawimbi ila tezi itazama. Mimi huchagua ya katikati.

Kisha chukua futi. Pima kutoka juu ya ubao wa tezi, pale katikati mashine inapokaa, hadi chini kabisa ya boti. Ikiwa inchi 15 unataka mashine ya mguu mfupi; 20, mguu mrefu. Lile bamba lililo juu ya pangaboi (feni inayosukuma boti majini) liwe sawa na chini ya boti au lishuke sentimita mbili tatu. Likikaa juu mno, pangaboi linavuta hewa: mashine inalia, boti haiendi.

Ukubwa wa mashine usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha boti, na uangalie kama kuna kiwango cha chini zaidi kwa boti za kana. Mashine kubwa humchosha mshikaji kwa sababu inavuta upande. Chini ya lile bamba, mashine nyingi zina kipezi kidogo chenye bolti moja: boti ikivutia kushoto, sogeza ncha yake ya nyuma kushoto hukohuko, kidogo kidogo, huku ukijaribu.

Pangaboi lijaribiwe boti ikiwa na mzigo wa kweli wa uvuvi. Fungulia mafuta yote usome mizunguko. Mashine nyingi za mapigo manne hutaka kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, kitabu chake kitakwambia. Isipofika, punguza pichi (umbali ambao pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) kwa inchi moja, utapata kama 200 zaidi.

Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifunge mwilini. Ukiiachia kana kwa kasi, mashine inaweza kujigeuza ghafla ikakutupa majini, na boti ikabaki inakuzunguka pangaboi likizunguka.