Kipato cha msingi kwa wote: yanayosemwa vijiweni na yaliyothibitika

Ukitaja kipato cha msingi kwa wote mbele ya watu, jibu la kwanza huwa lile lile: watu watabweteka. Mimi ni mmoja wa wanaolitetea wazo hili, na naona pingamizi zake zinastahili majibu ya kina.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ni fedha taslimu anazolipwa kila mtu kwa jina lake, kila mwezi, bila kuchujwa na bila masharti. TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, si hiyo, kwa kuwa huchagua kaya na kufungamanisha baadhi ya malipo na mahudhurio ya shule na kliniki.

"Watu wataacha kazi"

Jaribio kubwa la jambo hili limefanyika Kenya, katika vijiji vya Siaya na Bomet. Shirika la Marekani la GiveDirectly lilikuwa likimtumia kila mtu mzima takriban Sh 2,250 za Kenya kwa mwezi kupitia M-Pesa. Vijiji 295 viligawanywa: vingine vilipwe kwa miaka 2, vingine kwa miaka 12, vingine vipewe fedha zote kwa mkupuo, na 100 visipewe kitu ili kupata pa kulinganishia.

Matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha kwamba kazi kwa jumla haikupungua. Kilichobadilika ni aina ya kazi: watu walipunguza vibarua na kuhamia kwenye shughuli zao wenyewe. Tena waliohakikishiwa miaka 12 walifungua biashara nyingi kuliko wale wa miaka 2, ingawa hadi hapo kila mtu katika makundi hayo mawili alikuwa amepokea kiasi kile kile kwa mwezi. Anayejua fedha itaingia hata miaka mitano ijayo huthubutu kucheza mchezo wa kupeana kwa zamu, akapata mtaji wa maana kwa mara moja. Kwangu mimi hili ndilo funzo zito kuliko yote: uhakika nao una thamani yake.

"Zitaishia kwenye pombe"

Twende Otjivero, kilomita kama 100 mashariki ya Windhoek, Namibia. Wengi wa wakazi wake walikuwa familia za vibarua walioachishwa kazi kwenye mashamba makubwa ya jirani. Kuanzia Januari 2008 hadi Desemba 2009, kila mkazi wa chini ya miaka 60 alilipwa dola 100 za Namibia kwa mwezi, za watoto zikipokewa na mama au mlezi. Waliovuka 60 tayari walikuwa na pensheni ya serikali.

Wanakijiji wenyewe waliijua hatari ya pombe kabla ya mtafiti yeyote kuwaambia. Waliunda kamati, ikakaa na wenye vilabu, wakakubaliana kutouza pombe siku ya malipo. Katika miezi 6 ya kwanza, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 42 hadi 17. Utoro wa moja kwa moja shuleni ulishuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 5. Zahanati ilikuwa ikitoza dola 4 za Namibia kwa mgonjwa, na kabla ya hapo wengi walikuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa hizo dola 4. Malipo yalipoanza, mapato ya zahanati yalipanda karibu mara tano.

Wakosoaji walisema hapakuwa na kijiji cha kulinganishia, na ukosoaji huo ni wa haki. Ndiyo maana tafiti za baadaye, kama ule wa Kenya, zina uzito zaidi. Lakini tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizopitiwa na wachumi wa Benki ya Dunia zinaelekea kule kule: kwa kawaida, wanaopokea fedha hawaongezi matumizi ya pombe na tumbaku.

"Bei zitapanda, faida yote ipotee"

Siaya tena, katika mradi mwingine. Zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 za Marekani kila moja. Watafiti walifuatilia bei sokoni, wakakuta zimepanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Maduka na mashine za kusaga hapo awali vilikuwa havina wateja wa kutosha, kwa hiyo wateja walipoongezeka vilihudumia zaidi bila kupandisha bei. Hata majirani wasiopewa kitu walinufaika.

"Kwa nini tajiri naye apewe?"

Kwa sababu kumchuja kunagharimu, na mchujo hukosea. Anayefahamu uandikishaji wa kaya maskini anajua manung'uniko yake: huyu kaachwa kwa kuwa nyumba yake ina bati, yule kaingia kwa kuwa anamjua mjumbe. Cha tajiri hurudi kupitia kodi.

"Ni mpango wa wageni"

Mwaka 2015 huko Homa Bay, Kenya, karibu nusu ya kaya zilizofikiwa na GiveDirectly zilikataa fedha. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ni fedha za shetani. Siwacheki, anayekupa bila kukudai lazima umshangae, hasa akiwa mgeni.

Ila historia ya madai haya ni ya wenyeji. Namibia yalibebwa na muungano wa Baraza la Makanisa, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya vijana na ya kupambana na UKIMWI, na sura yake iliyojulikana zaidi ikiwa ya askofu wa Kilutheri, Zephania Kameeta. Fedha za Otjivero walizichangisha wao, kwa kuwa serikali ya wakati ule ilikataa.

Zanzibar, wazee walidai kupitia jumuiya yao, JUZAZE. Aprili 2016 serikali ikaanza kulipa Pensheni Jamii kwa bajeti yake yenyewe: Sh 20,000 kwa mwezi kwa mkazi aliyetimiza miaka 70, bila kuulizwa ana mali kiasi gani. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Sisi tunataka kuanzia hapo. Umri ushushwe hadi 60, kama Namibia inavyowalipa wazee wake, Tanzania Bara nayo ifuate, kisha iwe zamu ya watoto wa chini ya miaka 5, fedha zao zipokewe na mama au mlezi kama Otjivero.