Sodo si pedi, na mkanda si sodo

Kila inapokaribia tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, picha ileile huanza kuzunguka: mwanamke mweusi wa Kimarekani, Mary Beatrice Davidson Kenner, na chini yake maneno "Huyu ndiye aliyevumbua pedi". Mwaka huu nimeyasikia hata ukumbini. Mtoa mada, dada mchangamfu tu, alisema hivyohivyo, akaongeza kwamba kabla ya hapo wanawake "walijifunga matambara tu", kisha akainua juu sodo ya kitambaa na kuiita ubunifu mpya kabisa. Sikunyoosha mkono. Sambusa zilikuwa zimeshaanza kupita, na mtu anayesahihisha wenzake wakati wa sambusa hapendwi.

Maana kwanza, haraka haraka. Vazi la hedhi la kutumika tena ni chochote anachovaa mwanamke akiwa mwezini ili damu isifike kwenye nguo zake za juu, kisha akakifua, akakianika, akakivaa tena. Humo ndani mna kazi tatu: kunyonya, kushika na kukinga. Kinachonyonya ni kitambaa au pamba. Kinachoshika ni mkanda, utepe au chupi. Kinachokinga ni ile tabaka isiyopitisha majimaji. Siku hizi kazi zote tatu zimeshonwa pamoja katika kitu kimoja, ndiyo maana tunazichanganya. Zamani zilikuwa vitu viwili au vitatu mbalimbali, kila kimoja na jina lake na mtengenezaji wake.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na nianze na neno letu wenyewe. Sodo, ukifungua kamusi, ni kitambaa anachovaa mwanamke wakati wa hedhi. Kitambaa. Ndicho mwari alichofundishwa na somo wake alipovunja ungo: namna ya kukikunja, kukifunga, kukifua na kukianika pasipo macho ya watu. Pedi za dukani zilipokuja neno likahamia kwenye pakiti, na leo gazeti la Kenya likiandika kwamba serikali inagawa sodo shuleni, hakuna msomaji anayewaza kitambaa. Sigombani na hilo; maneno huhama. Ila tusimrudishie mwenye mali kitu chake tukakiita zawadi. "Sodo ya kufua" ni kama "kanga ya pamba". Ilibidi tuanze kusema "ya pamba" baada ya kuja zisizo za pamba.

Na hayo "matambara tu" nayo nayakataa. Tambara ni la kufutia meza. Bibi yangu alikata sodo zake kwenye kanga kuukuu, na uchakavu huo haukuwa umaskini, ulikuwa sifa. Kanga mpya ina ule ugumu wa kiwandani, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Mpaka ifuliwe na kufuliwa tena ndipo inapoanza kunywa. Alikikunja kipande mara kadhaa kwa urefu, akakipitisha, na ncha zake mbili akazifunga kwenye utepe uliozunguka kiuno. Utepe wenyewe aliuchomoa kwenye gagulo lililochoka. Hapo kuna kinachonyonya na kinachoshika. Ukosefu wa karatasi ya hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, hauufanyi huo usiwe ubunifu.

Mtindo huo wa kupitisha nguo katikati ya miguu na kuifunga kiunoni Waswahili wanauita kupiga uwinda, na mtoto mchanga naye huvishwa winda. Siku hizi tunasema nepi, na hapa nitapotea kidogo njiani, mnisamehe. Nepi tumeichukua kwa Waingereza, "nappy", ambayo ni ufupisho wa "napkin", kitambaa cha mezani. Wamarekani kwa upande wao walilichukua neno hilohilo "napkin" wakalipa hedhi. Waingereza kwenye hedhi wakasema "towel", nasi kwa kuwa tulitawaliwa na Waingereza tukapata taulo ya kike, msemo uliomfanya mjomba wangu mmoja, alipotumwa dukani na shangazi, arudi na taulo la kuogea la rangi ya waridi. Kwa hiyo nepi ya mtoto na "napkin" ya mama wa Kimarekani ni ndugu wa tumbo moja, na yote yametoka kwenye kitani cha nyumbani kilichofuliwa kila wiki na kurudishwa kabatini. Pedi peke yake ndilo neno lisilokumbuka nguo. Asili yake ni mto mdogo wa kukalia tu, kitu kilichojazwa ili kiwe laini.

Hedhi yenyewe ni Kiarabu, haydh, na wanalugha wao huifafanua kwa bonde: bonde linapofurika na kutiririsha maji, husema kwa kitenzi hichohicho kwamba limepata hedhi. Na kwa anayetaka mchoro wa kale wa vazi lenyewe, uko kwenye vitabu ambavyo wasichana wengi wa pwani wamesomeshwa madrasa bila kuambiwa kwamba wanasoma historia ya mavazi. Katika Hija ya Mtume, mwaka 632, Asma bint Umays alijifungua mtoto pale Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya Madina. Akauliza afanyeje. Akaambiwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie, yaani aingie katika ibada ya Hija. Ilikuwa nifasi, damu ya uzazi, si hedhi, najua; lakini wanafikihi, wanachuoni wa sheria ya Kiislamu, walilichukua funzo hilo hata kwa mwanamke mwenye istihadha, damu isiyokatika.

Kitenzi kilichotumika hapo ni "istathfiri", na ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Kimetoka kwenye "thafar", ule ukanda unaopita chini ya mkia wa mnyama wa kupanda ili tandiko lisiteleze mbele. Aliyewahi kuona punda aliyetandikwa vizuri ameshaelewa mchoro wote. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 na mtu mkubwa katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa huku pwani, anaueleza kama fundi cherehani: mwanamke afunge kitu kiunoni, achukue kitambaa kipana akiweke mahali pa damu, kisha ncha ya mbele na ya nyuma azifunge kwenye kile kilichozunguka kiuno. Soma tena uone kama hujamwona bibi yangu.

Katika hadithi nyingine Ummu Salama, mke wa Mtume, anasimulia kwamba alikuwa amelala na Mtume chini ya shuka moja, hedhi ikamjia, akajiondoa taratibu akaenda kuchukua "nguo zangu za hedhi". Zangu, na za hedhi. Zilikuwa zimewekwa kando kwa kazi hiyo. Kuhusu kufua nako hakukuachwa: mwanamke aliyeuliza kuhusu damu iliyoingia kwenye nguo aliambiwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha asali na nguo hiyohiyo.

Wasomaji wa Biblia msicheke, nanyi mnayo, mmefichwa tu. Isaya 64:6 kwa Kiswahili inasema matendo yetu yote ya haki yamekuwa kama "nguo iliyotiwa unajisi". Kiebrania chake, "beged iddim", ni nguo ya hedhi. Mfasiri aliona haya. Mahubiri mangapi yamehubiriwa juu ya kitambaa hicho bila mhubiri kujua ameshika nini!

Tuvuke sasa bahari, maana picha ya 28 Mei inatoka Marekani. Kuna jambo moja ambalo bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini wanawake wa Ulaya na Marekani walihitaji mikanda: chupi zao za karne ya 19 zilikuwa wazi katikati. Zilikuwa kama miguu miwili ya suruali iliyounganishwa kiunoni, haina kitako cha kushikilia chochote. Sketi zilikuwa nyingi, na chupi iliyofungwa ingekuwa adhabu chooni. Kwa hiyo kitambaa hakikuwa na pa kukaa. Kilipaswa kuning'inizwa kutoka juu, na ndipo ule ukanda wa punda unaporudi kwa lugha nyingine.

Kilichobadilika karne hiyo ni vifaa. Charles Goodyear alipata hataza ya kuupika mpira na salfa mwaka 1844, na mpira ukaacha kunata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi. Ukawa unaweza kutengeneza lastiki na kitambaa kisichopitisha maji. Mwaka 1849 Walter Hunt wa New York akapata hataza ya pini ile inayojifunga yenyewe. Vikikutana hivyo viwili, una mkanda wa lastiki kiunoni, vilimi viwili mbele na nyuma, na pini za kushikia kitambaa. Kitambaa chenyewe kwa kawaida hakikutoka dukani. Mwanamke alijishonea nyumbani. Huko Skandinavia na Ujerumani walifuma kwa uzi wa pamba, na kila ncha ikawekewa kitanzi cha kutundikia kwenye mkanda.

Kulikuwa pia na aproni ya hedhi, kitu ambacho watu hawakiamini ninapowasimulia. Ilivaliwa nyuma, chini ya sketi, kipande kipana cha kitambaa kilichopakwa mpira, ili ukikaa sketi isichafuke. Haikunyonya hata tone. Kazi yake ilikuwa ile ya tatu tu, kukinga, na joto lake naliwaza mpaka leo. Baadaye zikaja chupi pana zenye bitana la mpira, ambazo ndizo nyanya wa hizi chupi za hedhi zinazotangazwa leo kama zimedondoka jana kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mikanda na aproni hizo zilikuwa zikiagizwa kwa posta kutoka katalogi za wafanyabiashara wa Marekani kina Sears, Roebuck, pamoja na viatu na jiko.

Pedi za kutupa zilikuja kando ya hayo wala hazikuyafuta. Kampuni ya Southall's ya Birmingham, Uingereza, iliziuza tangu miaka ya 1880. Kotex iliingia sokoni Marekani mwaka 1920, ikitumia nyuzi za miti zilizotengenezwa kwa ajili ya kufungia vidonda vya askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Wauguzi ndio waliogundua matumizi mengine. Lakini Kotex hiyo ya kutupa ilikuwa na mikia miwili mirefu. Ya nini? Ya kufunga kwenye mkanda. Pedi ilitupwa, mkanda ukafuliwa. Kwa nusu karne hivi vazi la kutumika tena na pedi ya kutupa viliishi kiuno kimoja.

Hapo ndipo anapoingia mama Kenner. Alizaliwa 1912 huko North Carolina, akakulia Washington, akaja kuwa na maduka ya maua, na kichwani hakutulia. Alichokichora tangu ujana, na kukipatia hataza katika miaka ya 1950 alipopata fedha za kuilipia, ni mkanda: mkanda unaorekebishika kulingana na kiuno, wenye mfuko usiopitisha majimaji wa kushikia pedi isisogee. Pedi za dukani wakati huo zilikuwa zimeshauzwa miongo mingi. Yeye alitatua tatizo la kushika na la kukinga. Kampuni moja ilimtafuta kwa hamu ya kuuza kazi yake, kisha ilipogundua kuwa ni mweusi ikarudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zikaja pedi za gundi zinazobandikwa kwenye chupi, ambayo sasa ilikuwa imeshafungwa katikati, na mkanda ukakosa kazi.

Mnaona kinachopotea tukisema "alivumbua pedi"? Tunampa sifa isiyo yake na kumnyang'anya iliyo yake. Mkanda wenye mfuko ulihitaji akili zaidi kuliko kukata pamba, kwa sababu mwili unatembea, unakaa, unapanda ngazi, na kila mwendo unakivuta kitambaa kuelekea mahali kisipotakiwa.

Kwa hiyo dada yangu wa ukumbini, kwenye bango la mwakani futa neno moja tu, "pedi", uandike "mkanda". Na ile uliyoinua juu, iite sodo, basi. Bibi angeitambua mara moja. Angeigeuza, angevishangaa vile vifungo vya kubana, halafu angekuuliza utepe wake uko wapi.