Haharishi, Lakini Minyoo Imemmaliza

"Daktari, huyu haharishi hata kidogo. Hiyo minyoo itoke wapi?" Mzee mmoja huku Muheza aliniuliza hivyo katikati ya masika, amemkumbatia mbuzi jike aliyeshindwa kusimama. Chini ya taya palikuwa na uvimbe laini. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nikavuta kope la chini: ndani kweupe kama karatasi. Mwenzake alikuwa amekufa alfajiri ile, nikamwomba mzee tumpasue.

Tumbo la nne lilijibu. Ukutani mwake ilijaa minyoo myembamba kama uzi, ya sentimita mbili hadi tatu, mingine bado inajinyonganyonga. Ukiisogeza karibu na jicho, mnyoo jike anaonekana kama kamba ya nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe. Uzi mwekundu ni utumbo wake uliojaa damu ya mbuzi. Mweupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka utumbo huo. Hii kitaalamu inaitwa Haemonchus contortus, na hilo neno la pili, ambalo mwanasayansi Rudolphi aliipa mwaka 1803, maana yake ni "iliyosokotwa". Ng'ombe wana wa kwao, Haemonchus placei, na ngamia wana Haemonchus longistipes, lakini anayetumalizia mbuzi na kondoo ni huyu.

Sasa hesabu. Mnyoo mmoja humpotezea mbuzi kiasi cha mililita 0.05 za damu kwa siku. Unaweza kusema ni tone tu. Lakini minyoo 5,000 ni robo lita kila siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili. Pamoja na damu hupotea protini inayozuia maji yasivuje nje ya mishipa. Mbuzi anashinda ameinamisha kichwa akila, maji yanateremka na kukusanyika chini ya taya. Kuharisha si dalili yake ya kawaida, kwa sababu shida yake ni damu. Mara nyingi mavi hutoka yale yale, punje kavu, huku mnyama anakwisha. Naumia sana ninapokuta zizi limepoteza wanyama watano kwa sababu mwenyewe alikuwa anasubiri waharishe.

Mnyoo jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Yanatoka na mavi, yanaanguliwa, na kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi lava, yaani minyoo michanga, wako tayari kuambukiza. Wanapanda majani juu ya umande. Wengi hawavuki sentimita chache kutoka ardhini, ndiyo maana mbuzi anayekula vichaka yuko salama kuliko yule aliyefungwa kamba mahali pamoja wiki nzima, akirudia nyasi fupi zilizojaa mavi yake mwenyewe. Tafadhali, hamisha kamba hiyo. Lava wa hatua hii hali chochote. Anaishi kwa akiba aliyonayo mwilini, na jua letu huimaliza upesi. Akimezwa, wiki tatu baadaye naye anataga.

Kuhusu dawa, wengi hununua chupa ya albendazoli, dawa ya minyoo, na kunywesha zizi zima kila baada ya miezi mitatu. Minyoo dhaifu inakufa, ile sugu inabaki peke yake kutaga, na malisho yote yanajaa watoto wake. Si jambo jipya: dawa ya kwanza ya kundi hili, thiabendazoli, iliingia sokoni mwaka 1961, na miaka michache tu baadaye usugu wa minyoo hii ulikuwa umeripotiwa. Kukadiria uzito kwa macho kunazidisha tatizo, na mbuzi huivunja dawa haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo hakimtoshi. Muulize daktari wa mifugo kipimo cha kila dawa, maana levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ikizidi ni sumu.

Kwa hiyo anzia kwenye jicho. Afrika Kusini walitengeneza kadi iitwayo FAMACHA, jina lililotokana na Dk. Faffa Malan, yenye rangi tano kuanzia nyekundu hadi nyeupe. Unalinganisha ndani ya kope na kadi: namba nne na tano wanapewa dawa, moja na mbili wanaachwa. Wanaoachwa wanaendelea kumwaga mayai ya minyoo isiyo sugu, na hiyo ndiyo akiba yetu. Angalia kila wiki mbili wakati wa mvua, na usiwasahau majike waliozaa karibuni. Ila weupe wa jicho huletwa pia na kupe, minyoo ya ini na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, basi kagua mwili mzima.

Utagundua pia kwamba wanaopauka ni wale wale. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kondoo Wekundu wa Kimaasai wanavumilia minyoo hii kuliko kondoo wa aina ya Dorper, na uvumilivu huo hurithiwa. Mzee wa Muheza sasa hufunga kitambaa shingoni mwa kila anayempa dawa. Akifikisha vitambaa vitatu msimu mmoja, huyo habaki zizini kuzaa.